Riwaya umeimaliza, sasa useme nini?

Aliyepita kidato cha nne anaweza kuhakiki riwaya akiwa amefumba macho. Dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa. Halafu muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mwisho kabisa mwandishi "amefaulu kwa kiasi kikubwa". Mtihani unataka hivyo na alama zinapatikana. Ila chukua majibu ya wanafunzi arobaini juu ya riwaya moja, funika majina, na hutajua lipi ni la nani. Yote yamevaa sare.

Maoni yako mwenyewe ni kitu kingine. Ni kueleza riwaya ilikufanya nini wewe, kwenye ukurasa upi, na mwandishi alitumia ufundi gani kukufikisha hapo. Kazi hiyo haidai shahada ya fasihi kutoka UDOM. Inadai penseli, kaunta buku moja, na tabia moja tu: kila sifa na kila lawama iwe na namba ya ukurasa. Ukiambiwa "onyesha", unafungua na kuonyesha.

Kuipata na kuikagua

Kwa mara ya kwanza chagua riwaya ya kurasa 120 hadi 200. Ya kurasa 400 itakuchosha kabla hujazoea kuweka alama, na uchovu wako utaugeuza kuwa kosa la mwandishi. Dodoma mjini anzia maktaba ya mkoa, kisha wauza vitabu vya mitumba. Ukiagiza Dar es Salaam na kifurushi kikaja kwa basi hadi stendi ya Nanenane, mwombe muuzaji akupigie picha ya ukurasa wa haki miliki na ukurasa wa mwisho kabla hujalipa. Siyo kumshuku mtu. Nakala za kurudufu zinazunguka, na hata chapa halali hukosea. Vitabu hushonwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na fungu likianguka kiwandani unasoma ukurasa wa 64 halafu unajikuta wa 81. Watu wamewahi kusifia "mtindo wa kuruka matukio" kwenye kitabu kilichokosa fungu zima. Kagua namba za kurasa siku hiyohiyo unayokipokea.

Ukurasa wa haki miliki ndio utakaokuambia kama riwaya ni mpya kweli. Tafuta mwaka wa toleo la kwanza, usidanganywe na mwaka wa chapa ya karibuni; jalada jipya linaweza kufunika hadithi iliyoandikwa kabla mama yako hajaanza shule. Namba ya ISBN ikianza na 978-9976 au 978-9987, kitabu kimesajiliwa Tanzania.

Angalia pia kama ni tafsiri. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake ya 1994 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, mfasiri akiwa Ida Hadjivayanis. Kijana anayeisoma leo akisema "sentensi zake zinateleza", nusu ya pongezi hiyo ni ya mfasiri na lazima atajwe. Na akisema ni riwaya mpya, upya wake ni wa lugha; hadithi ina miaka yake.

Tuzo zinasaidia kujua nini kimetoka. Ipo ya Safal, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Chukua majina ya vitabu huko, maneno ya majaji yasome baada ya kumaliza. Ukiyasoma kabla, utaanza kuyatafuta ndani ya kitabu, na utayaona hata pasipokuwepo.

Kusoma na penseli

Alama tatu zinatosha. Mstari wima pembeni mwa maneno yaliyokugusa, alama ya kuuliza pale ulipopotea, na X pale ulipochoka. Zikizidi hapo utakuwa unapamba kitabu, husomi. Kitabu cha maktaba hakiandikwi: kata karatasi ya A4 vipande 16, andika alama juu ya kipande, kichomeke ndani ya ukurasa kwa kina cha sentimita tatu hivi. Vikichomekwa nusu sentimita, siku ukisomea pale Nyerere Square mwezi wa saba upepo utakusomea wewe.

Pima kasi yako. Soma dakika 45 bila simu, hesabu kurasa. Ukisoma kurasa 25 kwa saa, riwaya ya kurasa 200 ni saa nane, yaani vipindi kama 11 vya dakika 45. Ukiweka kipindi kimoja kila jioni, ndani ya wiki mbili umemaliza na bado unakumbuka mwanzo. Kuisomea vipande vipande ndani ya daladala kwa miezi mitatu kunawezekana, lakini usije ukalalamika kwamba wahusika ni wengi na wanachanganya.

Alama ya X ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo vijana huona aibu kuiweka. Kuchoka ni ushahidi, kinachotakiwa ni kujua wa nini. Kesho yake asubuhi rudia ukurasa ule peke yake. Ukikushika, jana ulikuwa na usingizi, futa X. Ukikuchosha tena, tafuta chanzo. Mara nyingi utakuta mhusika ameacha kuwa mtu akawa mkutano wa hadhara: baba anamweleza binti yake madhara ya rushwa kwa kurasa mbili, aya zimepangwa kama taarifa ya mradi, na binti hajibu hata "ndiyo baba". Wakati mwingine jambo tulilokwisha kuliona likitendeka linasimuliwa upya na mhusika mwingine bila kuongeza kitu. Na wakati mwingine ni msamiati. Riwaya za Unguja na Pemba zina maneno ya bahari, ya mapishi na ya utani wa kule ambayo msomaji wa Kongwa au Manyoni hajakutana nayo. Hilo si kosa la mwandishi. Weka karibu Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, tafuta maneno matano, rudia ukurasa, kisha ndipo useme.

Kila ukifunga kitabu, tumia dakika kumi kwenye daftari. Chora safu nne: ukurasa, maneno yenyewe (yasizidi kumi), kilichonitokea, kwa nini. Safu ya nne iache wazi kama hujui, utaijaza baadaye. Safu ya tatu iandike kwa lugha yako ya mtaani, hakuna anayesahihisha. "Nilicheka." "Nilitaka kumpiga makofi huyu mjomba." "Niliruka aya mbili." Ukiandika "mwandishi ametumia taswira" kwenye safu ya tatu, umeshavaa sare tena.

Mfano wa karibu

Tuchukue vipande viwili vya kubuni, tuseme vinatoka riwaya moja. Ukurasa wa 41:

"Mama Neema alikuwa mwanamke mkarimu sana na mwenye huruma. Alimpenda Chausiku kama mwanawe wa kumzaa."

Na ukurasa wa 97:

"Mama Neema akausogeza mlenda uliobaki upande wa Chausiku, akanawa mikono, akasema ameshiba. Tonge la uwele alilokuwa amelifinyanga akalirudisha sahanini."

Daftarini, mbele ya 41 pengine hakuna kitu. Mbele ya 97 umeandika "nilisimama kidogo". Sasa jaza kwa nini. Kipande cha kwanza kimekuambia uamini ukarimu. Cha pili hakijataja ukarimu popote. Kimekupa tonge lililofinyangwa likarudi sahanini, na kila aliyekulia nyumba yenye watu wengi anajua aliyeshiba hafinyangi tonge jingine. Uongo wa mama umejionyesha wenyewe. Maoni yako yameshapatikana: mwandishi huyu anapoeleza wema hashawishi, anapouacha ukae mezani anashawishi, na riwaya ingekuwa imara zaidi kama angeiamini sahani tangu ukurasa wa 41.

Ona kwamba maoni hayo yana sifa na lawama ndani ya pumzi moja, na hayakuhitaji neno "tashihisi".

Mandhari: hapa mtu wa Dodoma ana mtaji

Riwaya nyingi za Kiswahili zimezoea Pwani na Dar. Ikitokea iliyowekwa kanda ya kati, wewe una kipimo ambacho mhakiki wa mbali hana. Mvua zetu ni msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Mwandishi akinyesha mvua ya siku tatu mfululizo Bahi mwezi Agosti, weka alama ya kuuliza. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo wavunaji shambani mwezi wa tisa si kosa. Mhusika wa mwaka 2012 akipanda treni ya umeme kuja Dodoma, hilo ni kosa: safari za SGR kufika hapa zilianza 2024.

Lakini usigeuke afisa ukaguzi. Riwaya si ramani, na mwandishi ana haki ya kubuni mtaa. Swali la kujiuliza ni moja: kosa hili limebeba kitu gani? Kama mvua ya Agosti imetajwa kupita, andika mstari mmoja au acha. Kama mafuriko yale ndiyo yaliyombeba shahidi muhimu na kesi ikafutwa, basi nguzo ya hadithi imesimikwa kwenye mchanga, na hapo una hoja ya kuandika aya nzima.

Makosa ya uchapaji nayo yana kipimo chake. Fungua kurasa tano bila kuchagua, hesabu. Kama ni kosa moja au mawili kwa jumla, nyamaza. Kama kila ukurasa una kosa, sema kwa sentensi moja na umwelekezee mchapishaji na mhariri wake. Aya tatu za kulalamikia herufi zilizoruka ni dalili kwamba huna la kusema juu ya hadithi.

Usimpige mwandishi kwa fimbo ya mhusika

Hili ndilo kosa linaloharibu maoni mengi ya vijana. Mhusika anasema "mwanamke hana akili", msomaji anaandika "mwandishi anadharau wanawake". Pengine kweli anadharau. Pengine anamvua nguo mhusika wake hadharani. Jipe kazi ya kukagua sehemu tatu. Kwanza, je, yupo mtu ndani ya hadithi anayemjibu, kwa maneno au kwa vitendo? Pili, msimulizi mwenyewe anapowaeleza wanawake bila mhusika yule kuwepo, anawapa kazi gani, wanafikiri au wanabeba chai tu? Tatu, hadithi inamlipa nini aliyesema? Ukipata kurasa za majibu haya matatu, unaweza kumtetea au kumshitaki mwandishi na hakuna atakayekuyumbisha. Bila hizo, unapiga kelele.

Mwisho wa hadithi

Shuleni mwisho unaulizwa ujumbe. Wewe uulize kama uliandaliwa. Baada ya kumaliza, pumzika siku moja, kisha rudia sura ya kwanza na ya mwisho kwa kikao kimoja. Dakika zisizozidi 60, na hakuna dakika za faida kuliko hizo. Kama ukurasa wa 180 tajiri katili anafia kwenye ajali ya basi, rudi theluthi ya kwanza utafute mbegu: je, tulishamwona akikimbiza gari, akihonga askari wa barabarani, akiwahi kitu? Ikiwepo, mwisho umelipwa. Isipokuwepo, ni lile basi la ajali lililomalizia riwaya na mwandishi alikuwa abiria. Ndivyo ilivyo pia kwa mjomba anayeibuka kutoka Ulaya na fedha, na kwa "kumbe ilikuwa ndoto".

Riwaya za simu

Nyingi za vijana sasa zinasomwa WhatsApp na Facebook, sehemu kwa sehemu, "itaendelea". Za mwanzo mara nyingi ni bure, zinazofuata unalipia kwa simu. Hazina kurasa, kwa hiyo andika namba ya sehemu na tarehe. Na zina kipimo chake, kwa sababu kila sehemu lazima ikuache unaning'inia, la sivyo hununui inayofuata. Fungua ukurasa wa madeni. Kila sehemu inapoishia, andika deni: "Sehemu ya 7: mlango umegongwa usiku, nani?" Sehemu inayofuata, andika malipo: "Sehemu ya 8: alikuwa jirani, anaomba kiberiti." Ukifika sehemu ya 20, hesabu. Jirani wa kiberiti akitokea mara moja ni utani. Akitokea mara tisa umeibiwa, na sasa una takwimu zako mwenyewe za kusema hivyo. Kwa upande mwingine, usimhukumu mwandishi wa namna hii kwa sura fupi. Ufupi ni masharti ya kazi, kama dakika 90 kwa mchezaji mpira.

Kuandika

Lenga maneno 500 hadi 600. Muhtasari wa hadithi usizidi maneno 80, na uishie kabla theluthi ya kwanza ya hadithi haijaisha. Baada ya hapo unamwaga mchele penye kuku wengi, na msomaji aliyenunua kitabu jana atakulaani kwa haki. Nukuu zisizidi tatu, kila moja fupi, zinakiliwe herufi kwa herufi pamoja na namba ya ukurasa.

Anza na kitu kimoja ulichokiona, kile chenye ushahidi mzito kwenye daftari. Ona tofauti. Mwanzo wa kwanza: "Riwaya hii ni nzuri sana, inaelimisha, inaburudisha na ni kioo cha jamii yetu." Mwanzo wa pili: "Kwenye riwaya hii watu wanasema ukweli wakiwa wanakula tu. Mezani hakuna anayedanganya isipokuwa Mama Neema, na uongo wake (uk. 97) ndio ukweli mkubwa kuliko yote." Wa kwanza unafaa riwaya yoyote tangu karatasi ilipogunduliwa. Wa pili unafaa hii moja. Na kuhusu kioo cha jamii: ukilazimika kukitaja, sema kimeonyesha uso wa nani, na nani alikuwa nyuma ya mlango asionekane.

Baada ya hoja mbili au tatu, andika aya moja dhidi yako. "Inawezekana nimechoshwa na sura ya nne kwa sababu mimi si mfuasi wa siasa, asomaye magazeti kila siku huenda akaipenda." Aya hiyo haikupunguzii kitu, inamwonyesha msomaji umesimama wapi. Kisha acha siku mbili, soma kwa sauti, futa kila "sana".

Kuyajaribu mbele ya wengine

Watu watano hadi saba wanatosha; wakizidi hapo, wawili watalala. Kila mmoja aje na ukurasa mmoja, ausome, na apewe dakika tatu. Neno "nzuri" bila ukurasa halipokelewi. Mazungumzo yaende hivi:

"Dada, mimi huyu Chausiku simwamini. Analia kila sura."

"Wapi?"

"Thelathini na mbili, hamsini, hamsini na nne, sabini."

"Sabini halii, kaka. Soma tena. Anakata vitunguu."

Hapo kaka anarudi kwenye ukurasa, na ama anaondoa sabini kwenye orodha, ama anasema vitunguu ni kisingizio na anaeleza kwa nini. Vyovyote vile, kikundi kimesogea. Akihudhuria mwalimu au mtu mzima mwingine, mpeni shikamoo yake na kiti kizuri, kisha mwombeni kwa heshima azungumze mwisho. Akianza yeye, vijana wote wanakubaliana naye kwa adabu na kikao kimekwisha. Maoni yako yakibadilika kikaoni, yaandike daftarini kwa kalamu ya rangi nyingine na tarehe, bila kufuta ya kwanza.

Kabla hujamtumia mtu andiko lako, hakikisha mara ya mwisho tahajia ya jina la mwandishi, jina la mfasiri kama yupo, na mwaka wa toleo ulilosoma. Chapa mpya ikipangwa upya kwa herufi kubwa, ukurasa wako wa 97 unaweza kuwa wa 112 kwa mwenzako, naye atautafuta mlenda asiuone.